Wimbo Mmoja, Ndimi Tatu: Daniel Kahn na Akodiani Yake

Mordechai Gebirtig alikuwa seremala mjini Kraków, Poland. Hakujua kuandika noti. Alitafuta sauti kwa kifilimbi cha mchungaji, rafiki zake wakamwandikia. Aliuawa katika geto la Kraków, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, tarehe 4 Juni 1942, na miongoni mwa nyimbo alizoacha kuna gwaride la watu wasio na kazi. Gwaride hilo linaanza kwa kuhesabu hatua: moja, mbili, tatu, nne. Kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, nne ni “fir” na sisi ni “mir”. Kina kimekuja chenyewe. Hesabu imeisha na tayari tumeshajua wanaotembea ni nani: ni sisi.

Ukijaribu kuupeleka wimbo huo Kiingereza, unakwama mlangoni. Nne ni “four”, sisi ni “we”, na vina havipo. Daniel Kahn, mwimbaji na mpiga akodiani wa Kimarekani, alipoufasiri alimwachia “sisi” aende zake, akaleta “corps”, neno la kikosi cha jeshi ambalo Waingereza hulitamka kama “kor”, nalo likaangukia barabara juu ya “four”. Ndiyo maana kwa Kiingereza wimbo unaitwa “March of the Jobless Corps”. Kina kimepatikana, na pamoja nacho imepatikana picha ambayo Gebirtig hakuitaja kwa jina ingawa mwendo wake wa gwaride uliibeba muda wote: wasio na kazi kama jeshi. Kwa Kijerumani shida hiyo haipo kabisa, maana “vier” na “wir” ni ndugu wa damu wa “fir” na “mir”.

Nasi tuna bahati yetu. “Moja, mbili, tatu, nne” ni mizani nane kamili, kipande cha shairi kilichojikata chenyewe, na kina cha -ne kinaita kitenzi:

Moja, mbili, tatu, nne,
tusokazi twandamane.

Ugumu utakuja kwenye mguu. Hesabu ya Kiyidi ina silabi nne, hatua moja silabi moja. Yetu ina nane, kwa hiyo kila hatua inabeba silabi mbili. Gwaride linavumilia, ila mwimbaji akiharakisha, ile “n” ya mwanzo wa “nne” humezwa. Kina kinabaki, mizani inapungua, na mguu unafika chini kabla ya sauti.

Nimeanza na mistari hiyo miwili kwa sababu kazi ya Kahn nzima iko hapo. Huwa anaambiwa mwimbaji wa klezma, muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na si uongo. Lakini mimi namwona kwanza kama mfasiri anayefasiri hadharani, mbele ya wasikilizaji, huku mikono yote miwili ikiwa kwenye akodiani.

Alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1978. Alisomea tamthilia na ushairi katika Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, akakaa New Orleans kwa muda, kisha akafika KlezKanada, kambi inayofanyika kila kiangazi katika milima ya Laurentian, Quebec, tangu 1996. Kambi za namna hiyo ndizo shule halisi ya muziki huu. Vijana hujifunza kwa sikio kutoka kwa waliotangulia: mwalimu anapiga, darasa linarudia, na karatasi hutolewa mwishoni kama hutolewa. Kahn hakulelewa kwa Kiyidi, alijifunza ukubwani, na nadhani hilo limemsaidia. Anayejifunza lugha ukubwani huiona mishono yake.

Mwaka 2005 alihamia Berlin na kuunda kikundi, Daniel Kahn & The Painted Bird. Albamu ya kwanza, The Broken Tongue, ilitoka 2006. Zikafuata Partisans & Parasites (2009), Lost Causes (2011), Bad Old Songs (2012) na The Butcher’s Share (2017). Ndani yake mna nyimbo zake mwenyewe na nyimbo za Kiyidi za zamani, na mara nyingi ni vigumu kuona mpaka uko wapi, kwani ubeti mmoja ni wa 1930, unaofuata ni wake, na wa tatu ni ule wa kwanza kwa lugha nyingine.

Neno “klezma” linatokana na Kiebrania, “kley zemer”, vyombo vya wimbo. Asili yake ni muziki wa ala, si wa waimbaji: fidla, ala ya nyuzi za kugongwa iitwayo tsimbali, baadaye klarineti, vikipigwa harusini. Akodiani yenyewe ilipewa hataza Vienna mwaka 1829, lakini kwenye bendi za klezma iliingia kwa kuchelewa. Mwimbaji hakuwa na kiti katika bendi hiyo. Aliyekuwa na kiti ni badkhani, mtu wa harusi aliyesimama mbele ya bi harusi na kutunga mashairi papo hapo, ya kumliza kwanza na ya kuwachekesha wageni baadaye. Msomaji aliyekulia kwenye ngoma zenye manju anamjua mtu huyu bila kuelezwa. Eliakum Zunser, badkhani mashuhuri kuliko wote, alihamia New York mwaka 1889 na kufia huko 1913. Mtunzi wa leo anayeimba nyimbo zake juu ya mwendo wa klezma amekalia kiti cha badkhani, ila bendi amejifunga kifuani.

Akodiani ya piano iliyo kamili ina vibao 41 upande wa kulia na vitufe 120 upande wa kushoto, na uzito wake ni kati ya kilo 10 na 12. Vitufe vimepangwa nguzo 20, kila nguzo vitufe sita: viwili vya besi, kisha vinne ambavyo kila kimoja kinatoa kodi nzima (sauti kadhaa kwa pamoja), yaani meja, maina, ya saba na iliyopunguzwa. Nguzo hazifuatani kwa alfabeti, zinaruka kwa hatua ya tano: F, C, G, D, A. Mpangilio huo ndio unaomfaa mwimbaji wa klezma kuliko piano au gitaa.

Chukua maqamu, yaani ngazi ya sauti, iitwayo fregishi, ambayo nyimbo nyingi za Kiyidi zimejengwa juu yake. Kwenye D inakwenda hivi: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Mpiga taarab wa Zanzibar atasema papo hapo kwamba hiyo ni Hijazi, na kwa akodiani, ambayo haina robo sauti isipochongwa upya, ni vibao vile vile. Ladha yote iko kwenye lile pengo la hatua moja na nusu kati ya E flati na F shapu. Sasa tafuta kodi zake: D meja nyumbani, G maina, C maina. Nguzo za C, G na D zinafuatana. Mkono wa kushoto hauondoki mahali pake, vidole vinasogea nguzo moja huku, nguzo moja kule, na mwimbaji anabaki na akili yote kwa ajili ya maneno.

Kosa la kawaida la aliyefundishwa muziki wa Ulaya Magharibi ni kurudi nyumbani kwa kodi ya A ya saba, kama alivyozoea. Kodi hiyo ina C shapu na E ya kawaida. Maqamu ina C ya kawaida na E flati. Sauti mbili zinagombana na mkono wa kulia, na wimbo unageuka kuwa kitu cha redio ya mchana. Njia ya kurudi nyumbani ni C maina, kisha D meja. Piga hizo mbili taratibu mara kumi, na sikio litakataa lile kosa lenyewe.

Kuna jambo la pili ambalo ni gumu zaidi, nalo ni pumzi. Mvukuto unavuta na kusukuma, na mapafu ya mwimbaji nayo yana zamu yake. Wasiojua hubadilisha mwelekeo wa mvukuto pale unapoishia, popote pale. Sauti inakatika kidogo, na kukatika huko kunasikika kama mkazo. Kukitokea katikati ya neno, neno linavunjika. Katika wimbo wa lugha moja msikilizaji atalirekebisha kichwani mwake, lakini katika wimbo unaohama kutoka Kiyidi kwenda Kiingereza ndani ya ubeti mmoja, yule ambaye lugha moja haijui anategemea mkazo tu ili ajue neno limeanza wapi. Kwa hiyo fanya hivi: andika maneno yote, na juu ya kila mstari chora mshale wa kufungua au wa kufunga. Mshale mmoja kwa mstari kama mstari ni mfupi, miwili kama ni mrefu, na mgeuko uangukie kwenye kituo cha maana. Lugha inapobadilika, geuza mvukuto hapo hapo. Msikilizaji hataujua mshale, ila atasikia mlango umefunguliwa.

Kuhusu swichi za sauti, akodiani kubwa kwa kawaida ina seti nne za vilimi, vipande vya chuma vinavyotoa sauti, upande wa kulia: moja ya chini, mbili za kati, moja ya juu. Zile mbili za kati mara nyingi zimetiwa tofauti ndogo ya makusudi ili zitetemeke. Mtetemo huo ni mtamu kwenye dansi na ni sumu chini ya sauti ya mtu, kwa sababu mwimbaji anapewa sauti mbili zinazokaribiana na hajui atulie juu ya ipi, na anayeonekana kakosea ni yeye. Wakati wa kuimba acha seti moja tu, ya chini au moja ya kati. Ubeti ukiisha, fungua zote.

Kilio cha klezma huitwa krekhtsi, na kimetoka kwenye koo la mwimbaji wa sinagogi. Kwenye akodiani unashika sauti kuu, unagusa ya juu yake kwa kidole kinachoondoka kabla haijakomaa, na wakati huo huo unazuia mvukuto kidogo. Unasikia kitu kama kwikwi. Wanafunzi huigeuza kuwa urembo, wakaitetemesha vizuri, mara tatu nne, na kwikwi inakuwa ndege. Krekhtsi inatakiwa iumie. Na kwenye hora, dansi ya mapigo matatu, pigo la pili huachwa tupu: moja, kimya, tatu. Ukilijaza, umepiga walzi.

Mtu anayeishi kwa safari ana adui mwingine, joto. Vilimi vya chuma vimegandishwa kwenye vibao vyake kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Akodiani ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, nta inalegea, vilimi vinateleza, na jioni sauti kadhaa hazipo au zinalia mbili kwa pamoja. Chumvi ya pwani nayo huleta kutu kwenye chuma, na kilimi chenye kutu hushuka sauti. Kabla ya onyesho pima mvukuto: ufungue mikanda, shika upande wa kulia juu, uache upande wa kushoto uning’inie bila kubonyeza chochote. Ukishuka wenyewe kwa sekunde chache, kuna tundu, na mahali pa kuanza kutafuta ni kwenye pembe. Mwimbaji mwenye mvukuto unaovuja hugeuza mara mbili zaidi, na ile mishale yote haina kazi tena.

Lakini kwa nini Berlin? Wapo waliodhani ni ajabu, Myahudi wa Detroit kwenda kuimba Kiyidi katika mji ambamo mauaji ya Wayahudi milioni sita yalipangwa. Kwa upande wa ufundi, hakuna mji bora. Mjerumani akisikia Kiyidi anaelewa nusu. Nusu hiyo ndiyo chombo cha Kahn. Anaelewa kiasi cha kufikiri ni lugha yake, halafu linapita neno la Kiebrania au la Kislavoni na anajikuta nje. Ni kama Mswahili anaposikiliza Kikomoro: unatembea vizuri, ghafla ngazi moja haipo. Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, alitaka tamthilia imfanye mtazamaji akione kigeni kile alichokizoea, na Kahn, mtu wa jukwaa, akachukua neno la Brecht la Kijerumani, “Verfremdung”, kufanya kigeni, akalishonea klezma na kuuita muziki wake “Verfremdungsklezmer”.

Mfano mzito zaidi uko kwenye Partisans & Parasites. Kahn alitunga wimbo juu ya Nakam, kundi la Wayahudi waliookoka vita wakiongozwa na mshairi Abba Kovner, lililopanga kulipiza kisasi kwa kutia sumu maji ya miji ya Ujerumani, roho kwa roho, milioni sita kwa milioni sita. Mpango huo ulishindikana. Aprili 1946 walipaka arseniki mikate takriban 3,000 ya wafungwa waliokuwa askari wa SS, kikosi cha Wanazi, karibu na Nuremberg. Wengi waliugua, vifo havikuthibitika. Mtunzi mwingine angelichukua jambo hilo na kulipigia doina, ule mwendo wa polepole wa kuomboleza. Kahn ameliweka juu ya mwendo wa kuchezeka. Watu wanaanza kugonga miguu kabla hawajasikia wanagonga miguu kwa ajili ya nini, na wakisikia, mguu uko hewani. Nauona ni ushujaa wa kweli wa mtunzi, kwa sababu hawaambii Wajerumani watubu wala Wayahudi wajivunie. Anawaacha wote na mguu hewani.

Kwenye Bad Old Songs amefanya kinyume. “Lili Marleen” ni wimbo wa askari wa Kijerumani: maneno yaliandikwa na Hans Leip mwaka 1915, na Lale Andersen aliurekodi 1939. Kahn ameuhamishia Kiyidi na kuuita “Lili Marleyn, Fartaytsht”. Neno “fartaytsht” maana yake ni uliofasiriwa, lakini ndani yake mna “taytsh”, Kijerumani. Wayahudi wa kale walipofasiri Torati kwa lugha ya nyumbani waliita kazi hiyo kwa neno hilo, yaani kuifanya ya Kijerumani. Sasa wimbo wa Kijerumani kabisa unafanywa Kiyidi, na neno la kufanya hivyo ni “kuufanya wa Kijerumani”. Jina la wimbo lenyewe ni beti tatu.

Kazi ya namna hii haimlishi mtu kwa albamu peke yake, na Kahn ameijenga kama fundi anayefanya kazi penye mlango wowote ulio wazi. Anafundisha kwenye kambi. Ameimba na Semer Ensemble ya Alan Bern, kikundi kilichofufua nyimbo za lebo ya Hirsch Lewin, Myahudi wa Berlin ambaye duka lake la sahani za santuri liliharibiwa Novemba 1938, usiku ule Wanazi waliposhambulia maduka ya Wayahudi. Amecheza Maxim Gorki Theater mjini Berlin. Mwaka 2015 alikuwa Biff katika “Death of a Salesman”, tamthilia ya Arthur Miller, iliyochezwa kwa Kiyidi New York, na 2018 akawa Pertshik, yule mwanafunzi mwanamapinduzi, katika “Fiddler on the Roof” ya Kiyidi iliyoongozwa na Joel Grey. Hadithi hiyo Sholem Aleichem aliiandika kwa Kiyidi, Broadway ikaigeuza Kiingereza mwaka 1964, Shraga Friedman akairudisha Kiyidi kwa jukwaa la Israeli mwaka uliofuata. Kuna watu wachache waliostahili kuimba ndani ya safari hiyo kuliko Kahn.

Wengi, hata hivyo, walimjua kwa wimbo mmoja. Mwaka 2016, mwaka aliofariki Leonard Cohen, mtunzi wa “Hallelujah”, gazeti la Forverts la New York lilitoa video ya Kahn akiimba wimbo huo kwa Kiyidi, na ikasambaa. Kina cha wimbo huo ni mtihani, kwani kila ubeti lazima uishie na neno linaloitikia “haleluya”, na kwa Kiingereza Cohen alilazimika kukunja maneno ya mtaani ili yafike. Kiyidi kina hazina ambayo Kiingereza hakina: maneno ya Kiebrania yaliyozoea nyumba, yenye mkazo silabi moja kabla ya mwisho kama yetu. “Haleluye” inaitikiwa na “yeshue”, wokovu. Kina kinatoka ndani ya sala ile ile.

Halafu kuna mstari ule maarufu ambapo Cohen anataja kodi wakati huo huo zinapopigwa: ya nne, ya tano, maina ikishuka, meja ikipanda. Mfasiri mvivu angezihesabu hivyo hivyo. Kahn ametia neno “misheberakh”. Ni jina la sala ya kuombea wagonjwa, na wapiga klezma huliita hivyo pia maqamu moja ya maina ambayo sauti yake ya nne imepandishwa. Kwenye D ni D, E, F, G shapu, A, B, C. Weka kidole kwenye F, kisha G shapu, na usikie pengo la hatua moja na nusu limehamia juu kidogo kuliko kwenye fregishi.